Nani Ampe Msemaji Nishani?

Marekani kuna vyama vya wanafunzi ambavyo ada peke yake haimwingizi mtu. Sharti kwanza awe amefanya jambo, likaandikwa na kukubaliwa. Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa mwaka 1776, huwaalika waliofanya vizuri masomoni. Baadaye watu wa midahalo nao wakataka chao. Delta Sigma Rho kilizaliwa Chicago mwaka 1906, Tau Kappa Alpha kikafuata mwaka 1908, na mwaka 1963 viwili hivyo vikaungana. Pi Kappa Delta, cha mwaka 1913, kiliweka ngazi ambazo mwanachama huzipanda kadiri pointi zake za mashindano zinavyoongezeka. Vyuo vya miaka miwili, ambavyo hapa tungevilinganisha na vyuo vya kati, vilipata Phi Rho Pi mwaka 1928. Hivi si vilabu vya dibeti. Klabu humpokea asiyejua ikamfundisha. Chama cha heshima humthibitisha aliyekwisha kujua, kikamvisha beji na kuliweka jina lake katika daftari linalobaki baada ya yeye kuhitimu. Naamini vyuo vyetu vya Tanzania, vile vya kati hasa, vingefaidika na chama cha namna hii. Ila kipimo chake tusikinakili. Kipimo cha Marekani kina ugonjwa, na mfano wa kuuponya upo Mbulu, katika vijiji vya Tlawi na majirani zake.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba heshima hutolewa na watu wa ndani kwa watu wa ndani. Mwaka 1935 timu ya Wiley College, chuo kidogo cha watu weusi huko Texas kilichofundishwa mdahalo na mshairi Melvin Tolson, iliishinda timu ya University of Southern California. Ushindi ulikuwa wao, lakini heshima rasmi ya mdahalo ilikuwa ya wazungu: kwa miaka mingi milango ya baadhi ya vyama vya heshima vya mdahalo ilifungwa kwa mwanafunzi mweusi. Ubaguzi huo ulikuja kuondoka. Kujifungia hakukuondoka, kulibadili sura tu. Katika mtindo mmoja maarufu wa mashindano ya vyuo vya Marekani, wasemaji hutema maneno kwa kasi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifuata, kwa sababu waamuzi, wengi wao wakiwa washindani wa jana, huhesabu hoja zilizotajwa na zile ambazo hazikujibiwa. Mwenye pointi nyingi anapanda ngazi hata kama jirani yake mwenyewe hakuelewa lolote.

Wairaqw wa huko Mbulu wana utaratibu uliokwenda njia nyingine. Mkutano wa wazee unapofikia tamati, au watu wanapokusanyika kwa baraka, mzee mmoja husimama na kusema slufay. Ni dua na ushairi kwa pamoja: anaiombea nchi, watu na mifugo, na kuyasukuma mabaya nje ya mipaka. Haisomi mahali. Anachota katika hazina ya mafumbo yanayojulikana na kuyapanga papo hapo kulingana na jambo lililowakutanisha, huku waliokusanyika wakimwitikia kwa pamoja, kifungu kwa kifungu. Wataalamu kama Robert Thornton na Maarten Mous wameandika kuihusu, na wana haki, maana hapa msikilizaji ni sehemu ya hotuba yenyewe. Slufay isiyoitikiwa haijasemwa. Mzee anayejulikana kwa kuisema vizuri ana cheo ambacho hakuna kamati iliyompa; amekipata kwa kuitikiwa mara nyingi, na watu waliokuwa na jambo lao la kweli la kumaliza.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Slufay ni dua, atasema. Inafunga ubishi, ilhali mdahalo unaufungua. Nakubali, na sipendekezi wanafunzi wafundishwe kusema slufay kwa ajili ya beji (wazee wangekuwa na haki ya kukasirika). Ninachokiazima ni kipimo cha sikio la hadhira. Tena, msomaji ataongeza, kimila slufay ni kazi ya wazee wanaume, kwa hiyo nayo ina mlango wake uliofungwa. Hilo nalo ni kweli, na linaonya kwamba kila heshima huchora mpaka. Chama cha chuo lazima kiandike katika katiba yake kwamba mpaka huo haufuati jinsi wala umri.

Pingamizi zito zaidi linatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kundi la wanafunzi lililoitwa USARF, lililoanza mwaka 1967, lilijadili ubeberu na ujamaa kwa ukali ambao haujasahaulika, likatoa jarida la Cheche mwaka 1969, na hakuna aliyevishwa beji. Kwa nini basi tuhitaji nishani? Kwa sababu moto ule ulitegemea kizazi kimoja na wakati mmoja. USARF ilipopigwa marufuku mwaka 1970, hapakubaki ngazi ya kumpandisha mwanafunzi aliyefuata. Nakiri kwamba chama cha heshima kisingeizuia amri ile. Lakini mahali pasipo marufuku, kinachoua midahalo ni kuhitimu kwa watu watatu wanaoijua, na hapo daftari na ngazi vina kazi.

Kipimo kingekuwaje? Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mtu mzima wa kijiji nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Huko ndiko hoja huwa na gharama: mpaka wa malisho, mchango wa zahanati. Mwanafunzi wa uuguzi wa Haydom, Mbulu, anayeomba beji atetee upande mmoja wa suala la afya mbele ya mkutano wa namna hiyo, kwa Kiswahili, au kwa Kiiraqw wenyeji wakipenda, kisha ajibu maswali mpaka yaishe, na siku nyingine autetee upande alioupinga. Atakayesema kwamba hivyo Kiingereza kitadorora asisahau kuwa dibeti za sekondari zimekishikilia kwa miongo, na mara nyingi mtoto anakariri karatasi aliyoandikiwa. Kijiji nacho si chumba cha mtihani, kwa hiyo mwenyekiti ndiye aamue kama mada ina faida kwa ajenda ya siku hiyo, na akikataa, mwanafunzi asubiri mkutano ujao.