Mfuniko wa Rejeta na Mteremko wa Senjele

Dar es Salaam au Tanga, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Kwetu Mbozi hayasubiri kufika huko. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja, na kwenye mwinuko wa mita 1,500, ambao ni wa kawaida Mbozi, maji hutokota yakiwa na nyuzi 95 tu. Ndiyo maana maharage ya huku huchelewa kuiva. Na ndiyo sababu mojawapo pikapu nyingi kuukuu za Nanyala, Mlowo na Vwawa hufia mahali pamoja: kwenye silinda hedi.

Toyota Hilux za kati ya mwaka 1988 na 1997, zenye injini ya dizeli ya 2L au 3L, bado zinabeba kahawa, mahindi, mawe na mbolea kwenye barabara zetu, na Nissan Hardbody zenye TD27 haziko mbali nazo. Ni magari yanayofunguliwa kwa spana za kawaida, na spea zake zinapatikana. Mimi naamini kwamba mengi yaliyoishia kukatwa na kuuzwa kwa kilo hayakuchoka. Yaliuawa na kuchemka: kuchemka kwa maji ndani ya injini, au kuchemka kwa mafuta ya breki mteremkoni. Vyote viwili mwenye gari anaweza kuvizuia nyumbani kwake, asubuhi injini ikiwa ya baridi, kwa vifaa vya bei ndogo.

Anza na mfuniko wa rejeta. Wengi huuona kama kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake hasa ni kushikilia presha. Mfuniko ulioandikwa 0.9 hauachii mpaka presha ipande karibu kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, na presha hiyo hukipeleka kiwango cha kuchemka kutoka nyuzi 95 hadi 115 hivi. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo mlimani hufanya kazi ikiwa na nyuzi 85, 90, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mfuniko ukiwa mzima una nafasi ya kutosha ya usalama. Springi yake ikilegea au raba yake ikipasuka, nafasi hiyo inakwisha karibu yote. Maji yaliyo karibu na valvu, mahali penye joto kali kuliko pote, hugeuka mvuke, na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji. Hapo ndipo ufa unapoanza, mara nyingi kati ya valvu na valvu, wakati geji ya joto bado haijamtisha dereva.

Kuukagua ni kazi ya dakika chache. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, bonyeza springi kwa kidole gumba, tazama raba. Ikiwa ngumu, imepasuka au imeliwa upande mmoja, nunua mfuniko mwingine wenye namba ileile. Usiongeze namba ukidhani unaimarisha gari, kwa sababu rejeta ya miaka 30 haitavumilia presha kubwa kuliko iliyozoea. Na usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110 huwa mvuke papo hapo yanapopata uwazi, na uso wa mtu uko juu yake.

Mpira wa juu wa rejeta nao una habari zake. Gari likishatembea na kupata moto, ubane kwa mkono uliovaa glovu au kitambaa: ukiwa mgumu, presha inashikiliwa. Lakini ukiwasha injini asubuhi ikiwa baridi na mpira ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto la maana, hiyo si presha ya maji. Ni moshi wa kwenye silinda unaopenya kupitia gasketi au ufa wa hedi. Kuongeza maji hakutaponya hali hiyo. Liende kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu hedi inayoweza kuskimiwa leo, kesho huwa ya kutupwa.

Sasa maji yenyewe. Ukanda huu una mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe pale Songwe. Maji ya kisima au chemchemi yaliyopita kwenye mawe hayo hubeba chokaa iliyoyeyuka, nayo ndiyo huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko uleule hujijenga ndani ya injini, tena hupenda sehemu zenye joto zaidi, na hujijenga kwenye mirija ya rejeta ambayo tangu mwanzo ni myembamba. Mtu anayeongeza maji ya kisima kila Jumamosi anajaza jiwe ndani ya gari lake polepole.

Dawa yake iko juu ya paa la nyumba. Maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe lolote. Acha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati, kisha kinga kwenye ndoo safi, uchuje kwa kitambaa. Kiangazi, tumia maji ya betri yanayouzwa madukani. Yachanganye nusu kwa nusu na kulanti ambayo haijazimuliwa. Maji peke yake, hata yakiwa safi namna gani, hula chuma na alumini. Kulanti iliyoandikwa kuwa tayari kwa matumizi haiongezwi maji. Tahadhari moja sitaki ipitwe haraka: kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu kali. Usiiache kwenye chupa ya soda, wala usiimwage uani mahali watoto, mbwa na kuku wanapopita.

Rejeta iliyoziba hutambulika kwa kiganja. Zima gari lililopata moto, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija isiyopitisha maji. Hiyo ni kazi ya fundi rejeta. Kazi yako ni kuiosha kwa nje, ukimwaga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, yasiwe na nguvu ya kukunja mapezi yake.

Kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo inaniumiza, nayo ni ya kung'oa thamostati. Gari likichemsha, fundi anaitoa, anasema “huku hakuna baridi, haina kazi.” Kwanza, baridi ipo, waulize watu wa Mbozi kuhusu Juni na Julai. Pili, kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina valvu ya pili upande wa chini. Ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi maisha yote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta. Gari linakuwa baridi mno tambarare, likinywa mafuta na kulainisha pistoni vibaya, halafu linachemsha palepale ulipotaka lisichemshe, yaani mlimani na mzigo. Unaweza kuipima jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, ipashe moto, na uangalie kama inafunguka kabla maji hayajatokota. Kwa injini hizi wengi hutumia ya nyuzi 82. Isipofunguka, weka mpya. Usiache tundu.

Foleni ya Tunduma ina mtihani wake. Gari likitembea, upepo hupooza rejeta. Likijikokota nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, kazi yote ni ya feni. Feni za Hilux hizi zina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, jaribu kuizungusha kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kwa urahisi mara kadhaa, silikoni imevuja, na utaona alama ya mafuta yenye vumbi katikati yake.

Mkanda unaozungusha feni hiyo ndio unaotuunganisha na breki, na hapa madereva wengi hawana habari. Kwenye injini za 2L na 3L, mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji na alteneta, na mgongoni mwa alteneta kuna pampu ndogo inayonyonya hewa kwa ajili ya haidrovaki, ile inayolainisha breki. Mkanda ukikatika, unapoteza chaji, upoozaji na nguvu ya breki kwa mpigo. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini kupitia mrija mwembamba. Fundi wa umeme akibadilisha alteneta na kuusahau mrija, au akiweka alteneta isiyo na pampu sawa na ile ya awali, breki zitakuwa ngumu kama jiwe ndani ya muda mfupi. Jaribio ni rahisi: gari likiwa limezimwa, kanyaga breki mara tano, sita, mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, washa gari. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, usiliondoe.

Kwa mtu wa Nanyala hilo si jambo dogo, maana mlima Senjele uko hapohapo. Kila dereva wa barabara ya Mbeya hadi Tunduma anaujua mlima huo kwa ajali zake. Hapo hatari nyingine ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya breki. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3 na nusu hivi, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Mteremko mrefu, mzigo wa mahindi, mguu haujatoka kwenye breki, na joto hilo linafikiwa. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Pedeli inazama hadi chini na gari linaendelea.

Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani akikanyaga, mwingine akifungua nipeli kwa spana, mkianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, huku chupa ya juu haiachwi kukauka. Tumia mafuta kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo. Oili ya injini au ya haidroliki huvimbisha raba zote za mfumo, na gharama yake ni breki nzima. Mteremkoni, shuka kwa gia ndogo, na usiweke nyutro wala kuzima injini ili kuokoa dizeli. Ukizima injini, ile pampu ya mgongoni mwa alteneta imesimama.

Na kuna hili la majani ya springi. Pikapu nyingi huku zimeongezwa jani moja au mawili nyuma ili zibebe zaidi. Hilux nyingi zina valvu karibu na difu, iliyounganishwa kwa mkono wa chuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikishuka, breki za nyuma hupewa presha zaidi. Ukiongeza majani, bodi haishuki tena, na valvu inaamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na magunia hadi juu. Breki za nyuma hupewa presha ya gari tupu, za mbele hubeba kazi yote na kupata moto. Anayeongeza majani lazima airekebishe valvu hiyo, na ni mafundi wachache wanaokumbuka. Uliza, na umtazame akifanya.

Kabla hujaingia chini ya gari kuitazama valvu hiyo: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka stendi za chuma, au vipande vya gogo gumu vilivyokatwa sawasawa. Tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa ishara.

Ukiwa huko chini, kagua chasisi. Kutu ya Mbozi haitoki baharini. Hutoka kwenye tope la masika lililogandia, na kwenye mbolea. Urea, CAN na nyinginezo huvuta unyevu, na punje zilizopenya kwenye nyufa za bodi hula bati na chasisi usiku na mchana. Baada ya kila safari ya mbolea, fagia kisha osha bodi kwa maji mengi, juu na chini, na uzibue kwa waya yale matundu ya kutolea maji kwenye chasisi. Ikibidi kuchomelea, toa kwanza nyaya za betri ili alteneta isiungue.

Noseli na pampu ya dizeli usiziguse nyumbani. Zinahitaji mashine ya kupimia. Lakini kumwaga maji yaliyokusanyika chini ya filta ya dizeli ni kazi yako, hasa kama hununui mafuta kituoni bali kwenye madumu.

Linalobaki ni mkanda wa taimingi. TD27 haina, inatumia gia. 2L na 3L zinao, na ukikatika valvu hugonga pistoni. Toyota waliweka taa ya onyo inayowaka kila kilomita 100,000, ila kwenye gari lililopita mikono mingi, taa hiyo na mita ya kilomita havina ushahidi wowote. Ukinunua pikapu ya namna hii, badilisha mkanda na beringi yake mara moja, kisha andika kwa rangi juu ya kava lake tarehe na kilomita, ili atakayelifungua baada yako asikisie.