Je, Wajua? Neno Moja Huondoa Sakafu

Je, wajua ya kuwa katika Chief Architect, programu ya Kimarekani ya kuchorea nyumba, sakafu ya orofa ya juu yaweza kuondolewa kwa jina tu, pasipo kukatwa kwa kalamu? Mchoraji akishakigawa chumba cha juu kwa reli, kisha akaufungua ukurasa wa maelezo ya upande mmoja na kuutia katika aina ya vyumba vilivyo wazi hadi chini, sakafu ya upande ule hutoweka, na ukingo wa dari hubaki bayana chini ya ile reli, sebule ikionekana kwa chini.

Ama akitaka ukingo usio na reli, huchora ukuta usioonekana. Nao, ijapokuwa macho hayauoni, ni mpaka kamili wa chumba.

Sweet Home 3D, itolewayo bure, ina desturi nyingine: sakafu hukoma pale ulipokoma mstari wa chumba, na unene wake, aghalabu sentimita 12, huandikwa pamoja na vipimo vya orofa. Ukiweka ngazi, programu yenyewe hutoboa tundu la kupandia.

Lililo zito zaidi ni usalama wa mtoto atakayechungulia ukingoni. Kanuni ya nyumba za kuishi ifuatwayo na majimbo mengi ya Marekani yataka reli isipungue kimo cha inchi 36, na nafasi baina ya fito zake zisipitishe tufe la inchi 4, yaani takriban sentimita 10. Basi, msomaji mwema, zipime nafasi hizo kabla hujamkabidhi fundi ramani.