Danco: jina la Mbelgiji juu ya kilima cha barafu

Kule kusini kabisa ya dunia, kwenye bara la Antaktika, kuna kisiwa kidogo ambacho ni kilima tupu kilichotoka majini. Urefu wake ni metri karibu 180. Pengwini, ndege wasioweza kuruka, wanakipanda kwa miguu mpaka juu kutafuta mahali pa kutagia mayai. Kwenye ramani kinaitwa Kisiwa Danco. Huyo Danco alikuwa nani?

Émile Danco alikuwa luteni katika jeshi la Ubelgiji. Tarehe 16 mwezi wa nane 1897 aliondoka Anvers ndani ya meli Belgica, chini ya uongozi wa Adrien de Gerlache. Kazi yake ilikuwa kupima sumaku ya dunia, ile nguvu inayogeuza sindano ya busole.

Mwanzoni mwa 1898 meli ilipita kati ya visiwa ambavyo havikuwa bado kwenye ramani. De Gerlache akaanza kuvipa majina: Brabant, Anvers, Liège, yaani majimbo ya kwao. Kisiwa kingine kikapewa jina la Wiencke, kijana baharia kutoka Norwe aliyeanguka majini tarehe 22 mwezi wa kwanza, akafa.

Mwezi wa tatu barafu ikafunga meli. Mwezi wa tano jua likazama, halikuonekana tena kwa wiki nyingi. Danco alikuwa na ugonjwa wa moyo, na giza lile na baridi vikammaliza. Alikufa tarehe 5 mwezi wa sita 1898, hajafikisha miaka 30. Wapi kumzika? Udongo hakuna. Wenzake walitoboa barafu, wakafunga vitu vizito kwenye miguu yake, wakamshusha baharini.

Kwa hiyo Danco hana kaburi. De Gerlache akaita pwani ya karibu kwa jina lake, na miaka ya 1950 Waingereza wakakipa kisiwa jina hilo hilo.

Waliobaki nao walikuwa wakivimba miguu, ufizi ukioza. Munganga wa meli, Mmarekani Frederick Cook, aliwasukuma kula nyama mbichi ya pengwini na ya sili. De Gerlache mwenyewe hakuipenda hata kidogo, lakini ndiyo iliyowaponyesha. Walikata njia katika barafu kwa misumeno na baruti, wakatoka mwezi wa tatu 1899. Watu 19 walikuwa wameingia kule, 17 walirudi.

Wakaaji wa mashariki ya Kongo wanajua desturi hii ya kupana majina. Miaka ile ile ya Belgica, huku nako mfalme Leopold II alikuwa anatawala, na Wabelgiji walikuwa wanaandika majina mapya kwenye ramani: Stanleyville, Albertville, na baadaye Costermansville. Tofauti ni kubwa. Antaktika haikuwa na mwenyeji hata mumoja, hakuna jina lililofutwa. Huku watu walikuwako, na mito, vijiji na vilima vilikuwa na majina tayari. Ndiyo sababu Costermansville ilirudia kuitwa Bukavu hata mbele ya uhuru, na Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Danco hakuna anayemdai jina lake kwa namna hiyo.

Hata hivyo, hata kule majina yanapishana. Uingereza, Arjentina na Chile kila mumoja anasema sehemu hiyo ni yake, na kwa Kihispania kisiwa kinaitwa Dedo, yaani kidole. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1959 na inchi 12, Ubelgiji ikiwemo, uliacha madai hayo yalale bila kuyamaliza.

Waingereza walikuwa wamejenga kibanda pale 1956, wakakifunga 1959. Kiliondolewa 2004. Kilima kikabakia kwa pengwini.