Hoja "kuwekwa mezani": Nairobi ni mwanzo, Washington ni mwisho

Neno la Kiingereza "table", ambalo kila mwanafunzi hulijua kwa maana ya meza, hubadilika likiingia bungeni. Nchini Kenya, Uganda na Tanzania, zilizorithi taratibu za Bunge la Uingereza, "to table" hoja ni kuiwasilisha ili ijadiliwe. Nchini Marekani ni kuiweka kando, na katika Baraza la Wawakilishi hatua hiyo kwa kawaida ndiyo kaburi la hoja.

Mwaka 2024 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Tarehe 8 Mei, mjini Washington, mbunge Marjorie Taylor Greene alitaka Spika Mike Johnson aondolewe. Wenzake wakaiweka hoja yake "mezani" kwa kura 359 dhidi ya 43, na Spika akabaki kitini. Tarehe 1 Oktoba, mjini Nairobi, mbunge Mwengi Mutuse naye aliweka "mezani" hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Wiki moja baadaye Bunge la Taifa likaipitisha kwa kura 281, na tarehe 17 Seneti ikaiafiki. Neno ni lile lile. Mmoja lilimwokoa, mwingine lilimfungulia mlango wa kutokea.

Hata wakubwa wamewahi kukwazwa nalo. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita Vikuu vya Pili, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya waraka mmoja. Waingereza walitaka uwekwe "mezani" kwa kuwa ulikuwa wa haraka; Wamarekani wakakataa kwa sababu iyo hiyo. Kumbe walikuwa wanakubaliana.

Kiswahili, ambacho meza yenyewe kiliipata kwa Wareno, kimefuata maana ya Uingereza: shughuli za Bunge la Tanzania zina kipengele cha hati za kuwasilisha mezani. Kwa hiyo mfasiri akiandika kwamba hoja dhidi ya Spika wa Marekani "imewasilishwa mezani", msikilizaji ataamini kiti cha Spika kingali hatarini, ilhali habari imekwisha. Neno linalofaa hapo ni kuwekwa kando, au kutupiliwa mbali.

Alama ya kutambulisha ipo, nayo ni kura. Nairobi hoja hufika mezani bila kupigiwa kura. Washington, habari ikitaja idadi ya waliokubali na waliokataa kuiweka "mezani", na waliokubali wakiwa wengi, hoja hiyo imezimwa.