Kwa Asiyeona, Sauti ya Kompyuta Ndiyo Macho



Katika kutembelea ofisi za sharika za Musoma, Bunda na Butiama, tumeona jambo dogo linalowakwamisha watu. Kompyuta ipo, umeme upo, lakini sauti imezimwa. Sababu inaeleweka: ofisi ina wageni, na kompyuta inayolia inasumbua mazungumzo. Mwenye macho hapati hasara, kwani anaendelea kusoma kwenye kioo. Lakini kwa asiyeona, kazi imesimama.

Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Hutolewa bure, na inaweza kusoma kwa Kiswahili. Humtamkia anachoandika na barua anayoifungua. Sauti ikizimwa, hawezi kujua kama kompyuta imeharibika au imenyamazishwa tu. Analazimika kuomba msaada kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe.

Sauti hupotea mahali pane. Kabla ya kumwita fundi, kamati ikague hivi:

1. Spika za nje. Ziwe zimewashwa, na kitufe cha kuzungusha kisiwe kimerudishwa chini kabisa.

2. Tundu la hedifoni. Hedifoni zikichomekwa, kwa kawaida sauti huenda huko na spika hunyamaza.

3. Kompyuta yenyewe. Bofyeni alama ya spika iliyo chini upande wa kulia wa kioo. Ikiwa na mkato au alama ya X, sauti imezimwa. Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe chenye picha hiyo juu ya kibodi: ukikibonyeza sauti huzimika, ukikibonyeza tena hurudi.

4. Programu moja moja. Bofyeni alama hiyo ya spika kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha mfungue orodha ya sauti za programu. Hapo mnaweza kupunguza muziki au video bila kuigusa programu inayomsomea asiyeona.

Je, utulivu wa ofisi utapatikanaje? Jibu ni hedifoni. Mtumiaji atasikia, na wengine hawatasumbuliwa. Akitaka kumsikiliza mgeni, anabonyeza kitufe cha Ctrl, nayo NVDA inaacha kusoma hapo hapo. Akibonyeza kitufe kingine, inaendelea kumhudumia. Hivyo anayeamua lini kompyuta inyamaze ni yeye mwenyewe.

Tunaziomba kamati zote zibandike maelekezo haya karibu na kompyuta, na mtumiaji wa mwisho airudishe sauti kabla ya kuondoka. Wafadhili wanaochangia kompyuta, tunawaomba waongeze na hedifoni. Ni gharama ndogo, lakini inamfungulia mtu mlango wa kazi na masomo.

Tumkumbuke Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko katika Marko 10. Umati ulimkemea anyamaze, lakini Yesu alisimama akamwita. Nasi tusiwe umati ule.