Kijana na Saksafoni: Asome au Apige?

Umewahi kuhudhuria harusi kule Kisauni, msomaji, ukasikia saksafoni ikilia polepole huku akina mama wakizunguka na leso zao viunoni? Huo ndio muziki wa bango, na bango likitajwa, jina la kwanza midomoni mwa watu ni la Mzee Joseph Ngala wa Freretown, mwimbaji na mpigaji wa chombo hicho. Freretown ni ule mtaa ulioanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kuwapa makao waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Hapo jazi ya ng'ambo ilikutana na taarab na ngoma za Kimijikenda, watu wakacheza.

Sasa tuseme ni mwanao wa sekondari, hapo Changamwe au Likoni, ameingia nyumbani na saksafoni ya kuazima. Baba anauliza, "Na hesabu je?" Mama anawaza majirani watasemaje. Kabla hamjampokonya, mwulizeni swali moja: mbona asubuhi chombo chake kilipatana na kinanda, na saa nane mchana kimepanda juu?

Hiyo ni fizikia tupu. Katika nyuzijoto 20, sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Zikifika 30, ni karibu mita 349. Bomba limebaki na urefu ule ule lakini sauti inakwenda mbio zaidi, kwa hivyo noti hupanda. (Pumzi ya mpigaji nayo huipasha hewa ya ndani, kwa hivyo tofauti halisi huwa ndogo kuliko hesabu inavyodai.) Gitaa hufanya kinyume: nyaya zikipata joto hulegea, sauti ikashuka. Ndiyo maana katika bendi zetu za Pwani utamwona mpigaji akivuta kipande cha mdomoni nje kidogo ili bomba lirefuke. Siku hizi programu ya simu itamwonyesha kwa hezi amekosea kiasi gani.

Aliyeibuni saksafoni, Mbelgiji Adolphe Sax, alipata hataza yake Ufaransa mwaka 1846. Bomba lake hupanuka kuelekea mwisho kama pembe, na kwa umbo hilo sauti ikirushwa juu huangukia oktavu kamili. Klarineti, ambayo bomba lake lina upana mmoja sehemu kubwa, hurukia noti ya 12. Mwanao akiweza kukueleza hayo kwa maneno yake, basi daftari la fizikia halijalala.

Wako waliobeba vyote viwili. Yusef Lateef, mpigaji mashuhuri wa Marekani, alipata shahada ya udaktari katika elimu kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1975, akiwa amepita miaka 50, kisha akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello huko Nigeria. Stephon Alexander, mzaliwa wa Trinidad, ni profesa wa fizikia na mpigaji saksafoni, na mwaka 2016 alitoa kitabu kinachounganisha jazi na sayansi ya ulimwengu.

Lakini nisikudanganye, mzazi. Saksafoni haimfanyii mtu mtihani, na saa mbili za mazoezi ni saa mbili zilizotoka mahali fulani. Wekeni mapatano: nusu saa kila jioni, na mwezi wa mitihani chombo kipumzike. Nusu saa ya kila siku humfaa kuliko Jumapili nzima ya kupuliza mpaka midomo ivimbe.

Hewa ya bahari nayo ina chumvi. Akimaliza, apitishe kitambaa ndani ya bomba, autoe ule ulimi wa tete na kuukausha. Na kwa ajili ya majirani, afungue kabati lililojaa nguo, apige akiwa ameuelekeza mdomo wa chombo humo. Nguo hunyonya sauti. Ikipita saa tatu usiku, kirudi ndani ya sanduku lake.