Kusoma Shahada Ukiwa Kazini

Uanagenzi wa shahada ni mafunzo yanayounganisha kazi ya mshahara na masomo ya chuo kikuu. Nchini Uingereza utaratibu huu ulianza mwaka 2015, na sasa unatumika pia kuandaa wahudumu wa vijana.

Mhudumu wa vijana si mwalimu wala si polisi. Hukutana na vijana kwa hiari yao, vituoni au mitaani, akawasaidia kujitambua, kujiamini na kuepuka hatari. Imani ya kijana haipatikani kwa kukariri nadharia. Ndiyo maana mwanagenzi huajiriwa kwanza. Sehemu kubwa ya juma huwa kazini chini ya msimamizi; muda mwingine husoma makuzi ya vijana, ulinzi wa watoto na maadili ya kazi. Mafunzo huchukua takriban miaka 3.

Faida iliyo wazi ni nafuu ya gharama. Mwanafunzi wa kawaida wa nchi hiyo hutozwa ada inayoweza kuzidi pauni 9,000 kwa mwaka, na wengi huhitimu wakiwa na deni. Mwanagenzi halipi ada. Gharama hubebwa na mwajiri na serikali. Hata hivyo, asiyepata mwajiri hapati mafunzo, na kubeba kazi pamoja na masomo kunahitaji nidhamu.

Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Maswali
1. Kwa nini mwanagenzi huajiriwa kwanza?
2. Taja faida moja na changamoto mbili za utaratibu huu.
3. Husisha methali iliyotumika na kifungu hiki.